Kuongoza kishale kwenye osu!: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu shabaha na usahihi

Ukurasa huu ni wa wanaocheza gemu ya mdundo ya kompyuta iitwayo osu!, kwa namna yake ya kawaida, ile ya maduara na kishale, ambao wanamaliza wimbo bila shida lakini asilimia yao ya usahihi imekwama kwenye 92 au 94. Nitasema mapema jambo ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu majibu mengi hapa chini yanatokana nalo: kishale kifike kwenye duara kabla ya kidole kubonyeza, na kisiondoke mpaka kidole kimebonyeza. Karibu kila tatizo la usahihi ninaloulizwa linaangukia upande mmoja au mwingine wa sentensi hiyo.

Kwa nini mifano yote inatoka osu! na si gemu nyingine za mdundo?

Kwa sababu gemu nyingi za mdundo hazina kishale kabisa. Vidole vinakaa juu ya vitufe vilevile, na kazi ni kubonyeza kwa wakati. osu! iliyotolewa mwaka 2007 na Dean Herbert wa Australia, anayejulikana kwa jina la peppy, ilichukua wazo la gemu ya Nintendo DS ya mwaka 2005 iitwayo Osu! Tatakae! Ouendan. Kule mchezaji aligusa skrini kwa kalamu, na kugusa kulikuwa ndiko kulenga. Kompyuta iliigawa kazi hiyo: mkono mmoja unaongoza kishale, mwingine unabonyeza, kwa kawaida kwenye Z na X. Ugumu wa gemu hii uko hapo, kuifanya mikono miwili ikubaliane juu ya sekunde ileile.

Asilimia ya usahihi inahesabiwaje?

Kila duara linakupa 300, 100, 50 au sifuri, kutegemea ulibonyeza karibu kiasi gani na mdundo. Jumla yako inagawanywa kwa jumla ambayo ungepata kama yote yangekuwa 300. Chukua mapu, yaani wimbo mmoja na maduara yake, yenye vitu 500: ukipata 300 mara 480 na 100 mara 20, bila kukosa hata kimoja, unatoka na asilimia 97.33. Yaani 100 moja inakugharimu theluthi mbili ya duara zima, karibu sawa na kulikosa. Wanaoanza huhesabu walizokosa na kuzisahau hizo 100, kisha wanashangaa asilimia haipandi.

Dirisha la kupata 300 linategemea OD ya mapu, yaani namba ya ukali wake wa wakati. OD 5 inakupa milisekunde 50 kila upande wa mdundo, OD 8 inakupa 32, na OD 10 inakupa 20 tu.

Kama ni suala la wakati, kishale kinaingiaje?

Kinaingia kwa sababu kidole humsubiri mwenzake. Kishale kikichelewa kufika, ubongo unazuia kidole mpaka kifike, hata kama sikio lilishausikia mdundo. Milisekunde 40 za kusubiri kwenye OD 8 zimeshakugeuzia 300 kuwa 100. Ndiyo maana mtu mwenye sikio zuri, anayepiga mdundo bila kosa mezani, anaweza kuwa na asilimia mbovu kwenye mapu yenye maduara yaliyotawanyika. Sikio lake ni zima, ila shabaha inalichelewesha.

Nilenge katikati kabisa ya duara?

Gemu haitoi nyongeza yoyote kwa kupiga katikati. Nusu-kipenyo cha duara ni 54.4 ukitoa 4.48 mara CS (namba ya ukubwa wa duara, ikipanda duara linapungua), kwenye uwanja wenye upana wa vipimo 512 na urefu wa 384. Kwa CS 4 unapata takriban 36.5. Popote ndani ya hapo, alama ni zilezile.

Hata hivyo lenga katikati. Ukilenga ukingo, kosa dogo la mkono linakutoa nje. Ukilenga katikati, kosa lilelile linakubakiza ndani. Kumbuka pia kwamba kinachohesabiwa ni nukta ya katikati ya kishale, si picha yake yote. Kama skini yako, yaani mwonekano wa gemu uliouchagua, ina kishale kikubwa chenye mkia mrefu unaong'aa, hutajua nukta hiyo iko wapi. Badilisha skini, chukua kishale kidogo chenye kitovu kinachoonekana.

Kuna mitindo mingapi ya kusogeza kishale?

Miwili mikuu, na mingine yote ni mchanganyiko wake.

Wa kwanza ni kuruka na kutua, ambao wachezaji huuita snapu. Kishale kinaondoka kwa kasi, kinafika, kinasimama au karibu kusimama, kidole kinabonyeza, kisha kinaruka tena. Ukitazama marudio (rekodi ya mchezo) ya mchezaji wa namna hii utaona mistari iliyonyooka yenye pembe kali kwenye kila duara. Faida yake ni kwamba ule muda wa kusimama unakipa kidole nafasi: hata ukibonyeza mapema au kuchelewa kidogo, kishale bado kiko ndani.

Wa pili ni kutiririka, yaani flo. Hapa kishale hakisimami. Kinapita juu ya maduara kwa kasi inayokaribiana, kikichora mikunjo, na kidole kinabonyeza kinapopita. Mkono hauchoki upesi. Lakini nafasi ya makosa ni finyu, kwa sababu kishale kiko ndani ya duara kwa muda mfupi tu. Kidole kikiteleza kidogo, umekosa.

Ukiniuliza uanze na upi, nitakwambia snapu, bila kusita. Mchezaji aliyeanza na flo hufika haraka kwenye mapu zenye nyota nyingi, yaani ngumu, ila hufika na asilimia ya chini, na kuitoa tabia ya kupitiliza baadaye ni kazi kubwa. Aliyejifunza kusimama anaweza kujifunza kutosimama.

Nitajuaje wapi niruke na wapi nitiririke?

Piga hesabu ya muda. Kwenye BPM 180 (mapigo 180 kwa dakika), jampu, yaani maduara yaliyoachana mbali, mbili kwa kila pigo zinakupa milisekunde 167 kutoka duara moja hadi jingine. Mkono ukisafiri kwa 100, unabaki na zaidi ya 60 za kutulia. Hapo ruka. Strimu, yaani mfululizo wa maduara ya harakaharaka, ya BPM hiyohiyo, maduara manne kwa pigo, inakupa 83 tu, mara kumi na mbili kwa sekunde. Mkono hauwezi kuanza na kusimama mara kumi na mbili ndani ya sekunde moja, kwa hiyo hapo tiririka.

Umbo nalo linasema. Pembe kali, kama nyota au kwenda na kurudi, zinataka kuruka. Maduara yaliyopangwa kwa mkunjo mpana yanataka kutiririka, na ukiyalazimisha snapu utayakata vipande na kuchelewa.

Najua mdundo vizuri, lakini kwenye jampu nafurika 100. Tatizo ni nini?

Fungua marudio yako, punguza kasi hadi nusu, na tafuta sehemu moja tu yenye jampu za pembetatu. Sema duara la kwanza liko chini kushoto, la pili juu, la tatu chini kulia. Usiangalie maduara, angalia kishale pamoja na vile visanduku vya vitufe vinavyowaka pembeni mwa skrini.

Utaona moja kati ya mambo mawili. La kwanza, kishale kinaanza kutoka kwenye duara la chini kushoto na kitufe bado hakijawaka. Macho yameshahamia juu, mkono umeyafuata, na kidole kinakimbilia kubonyeza kabla mlango haujafungwa. Kwenye ule mstari wa makosa ya wakati chini ya skrini, alama zako zitarundikana kushoto, upande wa mapema.

La pili, kitufe kinawaka vizuri kwenye la kwanza, halafu kishale kinakaa palepale kwa muda, kama kinahakikisha kwamba 300 imetoka kweli. Kisha kinakurupuka, kinalipita duara la juu, kinarudi nyuma kidogo, na ndipo kitufe kinawaka. Alama zitakuwa kulia, upande wa kuchelewa.

Tiba ni tofauti kabisa, ndiyo maana nasisitiza kutazama kabla ya kubadili lolote. Wa kwanza aisikilize bofya yake kama ruhusa ya kuondoka: hakuna bofya, hakuna safari. Wa pili afanye kinyume, bofya na kuondoka viwe tendo moja, na muda anaoupoteza kwenye duara alilokwisha kulipiga auhamishie kwenye duara anakokwenda. Huyu wa pili mara nyingi hudhani mkono wake ni mzito. Ukitazama marudio yake, mkono una kasi ya kutosha, ila unachelewa kuanza safari.

Macho yaangalie wapi, kwenye kishale au kwenye duara?

Kwenye duara linalofuata. Dereva wa bodaboda haangalii tairi lake la mbele, anaangalia shimo lililo mita kadhaa mbele, na tairi linapita salama. Kishale chako kione kwa pembe ya jicho tu. Ukikikodolea macho, utaanza kukisukuma hatua kwa hatua badala ya kukirusha.

Kuangalia mbele kunategemea AR, yaani namba inayoamua duara linaonekana mapema kiasi gani. Kwenye AR 5 duara linaonekana milisekunde 1200 kabla ya wakati wake, AR 9 ni 600, AR 10 ni 450. Wengi huona AR ya juu ni ngumu kwa sababu ya haraka, lakini AR ya chini nayo ina ugumu wake: maduara mengi yanajaa skrini kwa pamoja, na jicho linachanganyikiwa lipi ni la sasa. Hapo tegemea duara la nje linalosinyaa, lile linalokaribia kugusa ndilo lako.

Strimu zinanishinda. Vidole viko sawa lakini kishale kinatoka nje katikati.

Kosa la kawaida ni kukisogeza kishale kwa vijihatua, kijihatua kimoja kwa kila bofya, hata pale ambapo maduara yamebanana. Kasi ya kishale kwenye strimu inaamuliwa na nafasi kati ya maduara, wala haiamuliwi na vidole. Nafasi ikiwa sawa, kasi iwe sawa. Mtengeneza mapu akiipanua katikati, ongeza kasi hapohapo, usingoje kubaki nyuma.

Zoezi zuri ni kuchagua mapu yenye strimu ndefu ya mkunjo mmoja, ukawasha modi (mpangilio wa hiari wa gemu) ya Relax, ambayo inakubonyezea yenyewe. Kazi yako inabaki kuongoza tu. Ukitoka nje hata bila kazi ya kubonyeza, unajua tatizo ni la mkono wa kishale. Kisha washa Autopilot, inayoongoza kishale na kukuachia vidole. Alama za modi hizi haziingii kwenye orodha, lakini kwa kupima upande gani unavuja sijaona njia iliyo rahisi zaidi.

Kuhusu kasi, msiogope. Masikio yaliyozoea singeli ya Dar es Salaam, inayopita mapigo 200 kwa dakika bila hata kupumua, yana mwanzo mzuri kuliko mnavyodhani. Strimu ya BPM 200 haitakuwa ngeni sikioni, itakayoteseka ni misuli.

Slaida, yaani maduara yenye njia ya kufuata kwa kishale, nizifuate mpaka mwisho kabisa?

Hapana, na kujua hili kutakuokolea nguvu nyingi. Ukishaishika slaida, duara linalokuzunguka lina ukubwa wa mara 2.4 ya duara la kawaida. Kwa CS 4 hiyo ni karibu vipimo 88 kutoka katikati. Slaida fupi unaweza kuishika kichwani na kusogea kidogo tu, mwili wote ukapita ndani ya eneo lako. Zaidi ya hapo, mwisho wake hupimwa takriban milisekunde 36 kabla haujaonekana kuisha, kwa hiyo unaweza kuondoka mapema kidogo kuelekea duara linalofuata. Wachezaji wazuri hukata kona za slaida kwa makusudi ili mkunjo wa mkono usivunjike.

Tahadhari moja. Kwenye toleo la zamani, kichwa cha slaida hakipimi sana wakati: ukikipiga ndani ya dirisha na ukafuata sehemu zote, unapata 300. Toleo jipya, lazer, linakipima kichwa kama duara lolote. Mchezaji aliyezoea la zamani akihamia lazer, asilimia yake inaweza kushuka kwenye mapu zilezile.

Na spina, ile sehemu ya kuzungusha kishale?

Zungusha kwa mduara mdogo karibu na kitovu. Gemu haihesabu zaidi ya mizunguko 477 kwa dakika, kwa hiyo mduara mkubwa unakuchosha bure. Jambo la maana zaidi ni kutoka: jua duara linalofuata litatokea wapi, na uache kuzungusha mapema kuliko unavyotamani.

Mausi au tableti ya kuchorea?

Vyote viwili vina wachezaji wa daraja la juu kabisa. Tableti inahusisha kila nukta ya eneo lake na nukta moja ya skrini, kwa hiyo mkono unajifunza mahali. Mausi haijui iko wapi mezani, inajua tu imesogea kiasi gani, kwa hiyo mkono unajifunza umbali. Kwa jampu kubwa tableti ina wepesi wake. Lakini usinunue tableti ukitegemea asilimia ipande yenyewe. Kama unaondoka kabla ya kubofya, utaondoka kabla ya kubofya hata ukiwa na kalamu. Padi ya laptopu ndiyo pekee ninayoshauri uachane nayo, maana kidole kinafika ukingoni na kulazimika kuinuliwa.

Mausi yangu niiweke kasi gani?

Kwanza zima ule uongezaji kasi wa Windows unaojitambulisha kama kiboreshaji cha usahihi wa kishale. Kazi yake ni kubadili umbali kulingana na kasi ya mkono: ukisogeza sentimita mbili polepole unafika hapa, ukisogeza sentimita mbili zilezile haraka unafika kule. Kwa kuandika barua hakuna tatizo, ila kwa osu! mkono hautajifunza chochote.

Kisha fikiria kwa milimita. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, uwanja wa kuchezea una upana wa pikseli 1152. Kwa DPI 800 (pikseli 800 kwa kila inchi ya mwendo wa mausi) bila kuongeza kitu kwenye gemu, kuuvuka wote ni sentimita 3.7 za meza, na duara la CS 4 ni kama milimita 5. Kwa DPI 400, umbali unakuwa mara mbili, sentimita 7.3, na duara ni milimita 10. Kwa 1600, duara ni milimita 2.6, na hapo mtetemo wowote wa mkono unaonekana. Kama kishale kinatetemeka ukitua, punguza. Kama mkono hauwahi pembe za mbali, ongeza. Ukishapata, acha. Kubadili kasi kila baada ya mchezo mbaya ni kuuambia mkono usahau ulichoufundisha jana.

Mausi za ofisini nyingi huripoti mahali zilipo mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Za gemu hufika mara 1000. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko tofauti ya kutulia na kutotulia juu ya duara.

Na eneo la tableti?

Wacom CTL-472, ambayo wachezaji wengi wanayo, ina eneo la milimita 152 kwa 95. Ukilitumia lote, mkono wote unasafiri, na wengi huchoka. Punguza polepole, huku ukitunza uwiano wa skrini yako ili miduara isigeuke mayai. Kwa upana wa milimita 80, duara la CS 4 linakuwa kama milimita 7 mezani, na hapo kifundo cha mkono kinatosha. Zima pia ulainishaji wa mwendo kama dreva yako, yaani programu inayoiendesha tableti, inao, kwa sababu kishale kilicholainishwa kinafika nyuma ya kalamu. OpenTabletDriver, programu huria na ya bure, inakupa udhibiti huo wote.

Kalamu ielee juu ya tableti au iburutwe? Kuburuta kunatuliza mkono na kunasaidia snapu. Kuelea kunapunguza msuguano. Jaribu vyote, ila zima kubofya kwa ncha ya kalamu.

Nikicheza mchana mkono unanata. Nifanyeje?

Wa Mombasa, Tanga na Dar wanalijua hili vizuri. Jasho linabadilisha msuguano, na msuguano ukibadilika umbali wa kurusha nao unabadilika katikati ya wimbo. Glovu inayofunika kidole kidogo na cha pete pekee inatosha kwa tableti. Soksi nyembamba iliyokatwa inafanya kazi ileile. Kwa mausi, futa padi kwa kitambaa kikavu, na feni ielekee mkono badala ya uso.

Intaneti ya polepole inaharibu usahihi?

Hapana. Kila bofya inapimwa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kinachoharibu kweli ni spika za masikioni za bluetooth, kwa sababu sauti inakufikia imechelewa. Tumia za waya.

Nicheze mapu za kiwango gani ili shabaha itulie?

Zile unazomaliza kwa asilimia 95 hadi 97 na kukosa maduara machache. Mapu inayokuacha na asilimia 85 inakufundisha kukimbiza maduara, na mkono unaokimbiza hautulii. Cheza moja mara mbili au tatu, tazama marudio, chagua kosa moja, nenda kwenye mapu nyingine ya kiwango kilekile. Kuirudia ileile mara nyingi mno kunakufanya uikariri, nawe utadhani shabaha imekua.

HardRock, modi inayoifanya mapu iwe ngumu zaidi, ni kipimo kizuri baadaye. Inazidisha CS kwa 1.3, hivyo CS 4 inakuwa 5.2 na nusu-kipenyo kinashuka kutoka 36.5 hadi 31. OD nayo inazidishwa kwa 1.4, na mapu inapinduliwa juu chini. Kama asilimia yako inaporomoka vibaya, ulikuwa ukiishi kwenye kingo za maduara.

Kifundo cha mkono kinauma. Niendelee taratibu?

Acha kucheza leo. Maumivu yanayobaki baada ya kuacha, au ganzi vidoleni, usiyazoee. Yakirudi siku zinazofuata nenda kwa daktari. Ukirejea, angalia mambo matatu: umeishika kalamu au mausi kwa nguvu kiasi gani kwenye sehemu ngumu, kiwiko kina pa kuegemea au kinaning'inia, na kama meza iko juu kuliko kiwiko. La kwanza ndilo linaloumiza wengi, na linaumiza shabaha pia, kwa sababu mkono uliokazwa unaruka vizuri lakini hauwezi kusimama.